Mashine Iliyozimwa kwa Amina

Kabula alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na kazi tatu za kila siku baada ya shule. Kwanza alichota madumu mawili ya maji kwenye bomba la mtaa wao wa Lipangalala. Pili aligeuza mpunga ulioanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba, huku akiwafukuza kuku, ambao nao walikuwa na kazi yao ya kila siku. Tatu, saa tisa na nusu, alinawa miguu, akavaa kandambili na kwenda Mlabani kwenye darasa la jioni la kompyuta.

Darasa hilo lilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Watoto na watu wazima walisoma pamoja, kwa sababu mwalimu wao, Edna, aliamini kwamba elimu haimuulizi mtu alizaliwa mwaka gani. Juu ya meza kulikuwa na skrini nane. Chini ya meza ya pembeni kulikaa boksi moja jeusi, kubwa na zee, lililonguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Skrini zote nane zililitegemea boksi hilo, na kila kilichoandikwa na mtu yeyote kilitunzwa humo. Ndiyo maana waliliita Mashine Mama.

Mashine Mama ilitumia mfumo wa Linux. Mwalimu Edna alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini kwa habari ya kuizima mashine hiyo alikuwa mkali kuliko pilipili. Alikuwa amebandika karatasi ukutani yenye hatua tatu. Kwanza, waambie wote wahifadhi kazi zao na kuzifunga. Pili, fungua dirisha jeusi na uandike amri hii: sudo shutdown -h now. Tatu, ngoja mpaka taa ya kijani ya Mashine Mama izimike yenyewe. Baada ya hapo tu ndipo ushushe swichi ya ukutani. Chini ya karatasi lilining'inia daftari kwa kamba. Kila jioni mzimaji aliweka tiki tatu na kusaini jina lake.

Mwezi huo Mwalimu Edna aliitwa Morogoro kwa mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alimpa Kabula kazi ya kuzima.

"Mwalimu, huyu?" alilalamika Omega, mvulana aliyesoma darasa moja na Kabula shuleni. "Huyu hata taa ya kwao anasahau kuzima!"

"Kwetu tuna taa moja," alijibu Kabula, "na wewe ndiye unayekuja kuisomea mpaka inachoka."

Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo Omega alimwita Kabula Mheshimiwa Waziri wa Kuzima, na kila alipopita mbele yake alipiga saluti.

Aliyesimamia chumba hicho alikuwa Katekista Fransisko, mtu mrefu, mwema na mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Naye alikuwa na desturi yake. Kila siku, saa kumi na mbili jioni inapokaribia, aliwasimamisha wote kwa sala ya kufunga. Kabula alisimama karibu na swichi ya ukutani. Neno "Amina" likitamkwa, umeme wote wa chumba ulizimwa palepale.

"Ukishasema Amina umemaliza," Katekista alipenda kusema. "Si vizuri kumshukuru Mungu kwa umeme, halafu feni ikabaki inazunguka kama haikusikia."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kabula aliwatangazia watu wahifadhi kazi, aliandika amri, kisha sala ilianza. Mashine Mama ilihitaji dakika tatu kuzimika. Sala ya Katekista ilihitaji sita, maana aliwaombea wagonjwa, wakulima, wasafiri wa barabara ya Mlimba, ng'ombe, na wale wote ambao mazao yao yameliwa na ng'ombe. Mpaka Amina inafika, taa ya kijani ilikuwa imezimika zamani.

Kisha ikaja Alhamisi ya kambale.

Jioni hiyo, Kabula akiwa ameandika amri tu, mke wa Katekista alipita dirishani na kusema, "Baba, kambale wameiva. Na wageni wamekwisha nawa mikono."

Katekista alifumba macho. "Ee Bwana," alisema kwa haraka, "wewe unajua yote kabla hatujasema. Amina."

Kabula alishika swichi lakini hakuishusha. Taa ya kijani ilikuwa bado inapepesa.

"Kabula! Amina!" Katekista alikumbusha, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

"Katekista, bado inaji—"

"Mwanangu, Amina ni Amina."

Kabula akashusha swichi. Mashine Mama ikanyamaza katikati ya mngurumo, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Usiku ule Kabula hakulala vizuri. Lakini kesho yake walipoiwasha, Mashine Mama iliandika mistari mingi myeupe kwenye skrini nyeusi, ikafikiri kidogo, halafu ikawaka kama kawaida. Kabula alishusha pumzi. Kisha wazo baya likamjia taratibu: kumbe haina neno! Kama mashine haikuumia jana, kwa nini ajisumbue na amri na kungoja?

Tena alikuwa na sababu ya kuharakisha. Timu ya mpira wa pete ya Lipangalala ilianza mazoezi saa kumi na mbili kamili, na aliyechelewa aliambiwa aokote mipira. Kwa hiyo Ijumaa Kabula hakutangaza chochote wala hakuandika amri. Alisimama karibu na swichi, akainamisha kichwa kwa heshima, na Amina ilipofika, swichi ikalia ta! Chumba chote giza. Akaweka tiki tatu kwenye daftari, akasaini jina lake, akakimbia.

Akafanya hivyo Jumatatu. Akafanya hivyo Jumanne. Kila siku Mashine Mama ilichelewa zaidi kuwaka, na mistari myeupe iliongezeka.

"Leo inasali rozari nzima," alisema Omega, huku akila karanga.

"Mheshimiwa," Omega akamgeukia Kabula, "una uhakika unaizima vizuri?"

"Soma daftari," alisema Kabula. "Tiki zote zipo."

Kila jioni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, aliketi mwanafunzi mkubwa kuliko wote. Jina lake lilikuwa Theodosia, nao walimwita Bibi. Alikuwa na miaka sitini na minne, mzaliwa wa Mchombe, na alichapa kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Vidole vingine tisa, alisema, vilikuwa vinatazama na kujifunza. Kwa kidole hicho, kwa miezi mitatu, alikuwa akiandika vitendawili alivyofundishwa na bibi yake pamoja na vingine alivyotunga mwenyewe shambani. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa sikukuu ya wazazi na watoto, na Katekista alikuwa ameahidi kuvichapisha kuwa kijitabu ili kila mtoto apate chake.

"Nimefika themanini na nne," Bibi alimwambia Kabula Jumatano. "Leo nataka kufika tisini na moja. Hebu sikiliza hiki. Kitendawili!"

"Tega!"

"Askari wangu wakiwa vijana wanasimama wima. Wakizeeka wananisujudia."

Kabula aliwaza. "Mpunga!"

"Umepata. Wewe mtoto una akili. Ndiyo maana mwalimu amekuachia mashine."

Maneno hayo yalimchoma Kabula kidogo, lakini si sana, maana saa ilikuwa inakwenda. Katekista aliwasimamisha. Bibi alikuwa amemaliza cha tisini na moja wakati huohuo. Siku zilizotangulia alikuwa akiihifadhi na kuifunga kazi yake mapema, lakini leo aliiacha wazi kwenye skrini na kusimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aihifadhi. Sala ikasomwa. Amina. Ta!

Alhamisi Mashine Mama haikuwaka.

Si kwamba ilikufa kabisa. Ilinguruma, ikaandika mistari, halafu ikasimama. Kwenye skrini nyeusi yalibaki maneno ya Kiingereza, na katikati yake neno moja la ajabu: fsck.

"Neno gani hili halina irabu hata moja?" aliuliza Bibi Theodosia, akiinama kwa miwani yake. "Hata kuku aliyekabwa na punje anasema vizuri kuliko hivi."

"Tuipige kidogo ubavuni," alishauri Omega. "Redio ya baba huwa inakubali."

Wakaipiga. Haikukubali. Wakaizima na kuiwasha. Ikaandika yaleyale. Katekista Fransisko akaingia na chupa ya maji ya baraka.

"Katekista, hapana!" walipiga kelele watu saba kwa pamoja. "Umeme!"

Katekista akatafakari, akairudisha chupa mfukoni. Badala yake aliweka mkono juu ya boksi na kuliombea kwa moyo wote. Sala ilikuwa nzuri sana, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Mashine Mama iliisikiliza mpaka mwisho, na neno lisilo na irabu likabaki palepale.

Alipoinama kufuta vumbi, Katekista aliona kitu nyuma ya boksi. Alikiokota. Yalikuwa maganda ya karanga.

Watu wote wakamtazama Omega.

"Mimi nilikula karanga," alisema Omega, macho yamemtoka, "lakini mashine sikuipa!"

"Maganda yameingia ndani yameziba," mtu mmoja alisema. Mwingine akasema maganda yameleta panya, na panya wamekula waya. Kufikia saa kumi na moja, panya walikuwa wamekuwa sita, na kuna aliyewaona. Katekista aliamua Omega asikanyage darasani mpaka Mwalimu Edna arudi.

Omega alichukua madaftari yake, akatoka, na kwa mara ya kwanza hakumpigia Kabula saluti.

Bibi Theodosia aliketi mbele ya skrini yake nyeusi. Hakulia. Alikitazama tu kidole chake cha mkono wa kulia, kama mtu anayemtazama punda aliyebeba mzigo wa bure.

Nyumbani, Kabula na mama yake, Nyamizi, walisali kabla ya kula kama ilivyokuwa kawaida yao. Mama alisikiliza kwa jicho moja limefungwa.

"Kabula," alisema walipomaliza, "umeruka mstari."

"Mstari gani, mama?"

"Wa utusamehe makosa yetu. Umetoka kwenye mkate wa kila siku ukaruka moja kwa moja mpaka vishawishini. Ugali unakuharakisha kiasi hicho, au kuna kosa ambalo hutaki litajwe?"

"Nimesahau tu," alisema Kabula. Akala matonge mawili, akanawa. Mama yake akamtazama, maana haikuwahi kutokea katika nyumba ile Kabula akaacha mboga.

Ijumaa saa kumi na nusu alikuja fundi kutoka mjini, kijana aliyeitwa Kasmiri. Alikuja kwa pikipiki, akiwa na begi mgongoni na haraka usoni, kwa sababu kabla ya giza alitakiwa kufika Mchombe kutengeneza mashine nyingine. Alisalimia wakubwa shikamoo, akasoma maneno ya skrini, kisha akauliza swali moja.

"Huwa inazimwaje?"

"Vizuri kabisa," alisema Katekista. "Tuna utaratibu." Akamkabidhi daftari.

Kasmiri alipitisha kidole kwenye kurasa. Tiki, tiki, tiki. Sahihi ya Kabula kila siku.

"Mh," alisema. "Basi habari si nzuri. Kama ingekuwa inakatiwa umeme ghafla, ningesema kumbukumbu zake zimevurugika tu, nazo hupangwa upya. Lakini mashine inayozimwa vizuri namna hii ikianza kusema hivi, maana yake diski yenyewe inakufa. Kuikagua diski inayokufa ni kuimalizia. Ninaitoa, ninaweka mpya niliyokuja nayo, na ninaanza upya."

"Na vilivyomo?" aliuliza Bibi.

"Bibi, nasikitika. Vitakwenda na diski."

"Vyote tisini na moja?"

Kasmiri alifungua begi, akatoa bisibisi.

Kabula alikuwa amesimama nyuma kabisa, mgongo umegusa karatasi ya hatua tatu. Alisikia skrubu ya kwanza ikilegea. Akisema, kila mtu atajua kwamba alidanganya kwa maandishi, tena mara nne, tena kwa sahihi. Atanyang'anywa kazi yake. Asiposema, diski nzima itatupwa, na hakuna atakayejua kamwe. Skrubu ya pili ikalegea.

"Baba wa mbinguni," alisema Kabula moyoni, "nisaidie kabla ya ya tatu."

Halafu akasikia sauti yake mwenyewe, nyembamba lakini ya kusikika. "Fundi, ngoja! Daftari linasema uongo."

Bisibisi ikasimama.

"Daftari haliwezi kusema uongo," alisema Katekista. "Daftari ni karatasi."

"Basi ni mimi," alisema Kabula, na machozi yakamtoka. "Tangu Ijumaa iliyopita sikuandika amri hata siku moja. Nilishusha swichi tu, kwenye Amina, nikawahi mpira. Tiki niliweka za bure. Bibi, wewe sikukwambia uhifadhi. Na Omega hana kosa. Karanga hazina kosa."

Kisha jambo lisilotarajiwa likatokea. Fundi Kasmiri alicheka kwa furaha mpaka akaketi sakafuni.

"Mungu akubariki, mtoto!" alisema. "Ungesema dakika kumi baadaye, ningekuwa nimekwisha kuitoa! Hii si diski iliyokufa. Hii ni diski iliyokatishwa maneno mara nne!"

Alikaza tena skrubu zake, na alipoona watu hawajaelewa, akawauliza, "Nani hapa ana mpunga uliowahi kunyeshewa?"

Mikono yote ikainuka.

"Vizuri. Mnachoandika kwenye skrini hakiendi moja kwa moja ghalani. Kwanza kinakaa kwenye turubai, mashine inakigeuza na kukipanga. Ukiiandikia amri ya kuzima, inaanza kukusanya mpunga, inafunga magunia, inaingiza ndani, inafunga mlango wa ghala, ndipo inazima taa. Hizo ndizo dakika tatu zenu. Ukishusha swichi ghafla, ni mvua ya saa tisa mchana. Mpunga uko nje, magunia wazi, na mwenye ghala hajui kipi kimeingia na kipi hakijaingia. Kesho akiamka, anahesabu upya. Ndiyo ile mistari myeupe. Siku ya nne amechanganyikiwa, anaomba msaada. Hili neno lisilo na irabu ni jina la mkaguzi anayemwomba."

"Mbona hakusema tangu mwanzo kwa Kiswahili?" alinong'ona Bibi.

Kasmiri aliandika amri ya ukaguzi. Mashine Mama ikaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine: hapa pamevurugika, nipange? Hapa pia, nipange? Kila swali lilitaka herufi moja tu, y, yaani ndiyo.

"Kuna njia ya mkato ya kujibu yote kwa mara moja," alisema Kasmiri, "lakini naona leo njia za mkato zimetuchosha. Bibi, una kidole?"

"Ninacho kimoja, lakini kimefunzwa," alisema Bibi. Akaketi. Kidole kikashuka. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Ndoa gani hii yenye viapo vingi hivi?" aliuliza baada ya hamsini.

"Endelea tu, Bibi Theodosia," alisema Katekista, akifuta jasho. "Bwana harusi hajakimbia."

Kwenye ndiyo ya mia moja na kumi na mbili maswali yakaisha. Kasmiri alimwita Kabula mbele.

"Sasa tunaiwasha upya. Wengine hapa wangebonyeza kitufe cha mbele na kukishikilia mpaka ikate roho. Wewe utafanyaje?"

Kabula alijifuta pua, akaandika polepole: sudo reboot. Kisha akarudisha mikono mgongoni, akangoja. Mashine Mama ikajizima yenyewe kwa mpangilio, ikanyamaza, ikanguruma, ikaandika mistari michache tu. Skrini nane zikawaka kwa pamoja. Watu walipiga makofi, na Katekista akaimba alleluya kwa sauti iliyotikisa dirisha.

Bibi alifungua kazi yake. Aliteremka mpaka mwisho. "Themanini na nne," alisema. "Saba vya mwisho havipo."

"Hivyo vilikuwa bado kwenye turubai," alisema Kasmiri kwa upole. "Vimekwenda na mvua."

Kabula aliinamisha kichwa. "Bibi, kama unavikumbuka, nitaviandika mimi kesho asubuhi. Vyote. Hata mpirani sitakwenda mpaka viishe."

"Ninavikumbuka tangu kabla mama yako hajazaliwa," alisema Bibi. "Njoo saa mbili. Ukichelewa nitaanza bila wewe, na unajua nitamaliza mwaka gani."

Kabla ya kwenda Lipangalala, Kabula alipita nyumbani kwa Omega. Alimkuta amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anachora panya mchangani.

"Nimesema ukweli," alisema Kabula. "Ni mimi. Nisamehe. Jana niliona unaonewa nikanyamaza."

Omega aliwaza. "Nitakusamehe. Lakini hao panya sita mtawasamehe lini? Wametukanwa sana."

Walicheka wote wawili, ingawa macho ya Omega yalikuwa bado mekundu.

Mwalimu Edna alirudi Jumamosi. Kabula alimweleza yote mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamweleza. Mwalimu alimvua kazi ya kuzima kwa mwezi mmoja, akampa Omega. Kabula alilia kidogo, lakini hakubisha. Hata Katekista Fransisko alinyanyua mkono darasani kama mwanafunzi.

"Na mimi nina langu," alisema. "Siku ile mtoto aliniambia bado, mimi nikamwambia Amina ni Amina. Ukweli ni kwamba ilikuwa kambale. Mungu hakunipa sala ili niitumie kukatiza kazi ambayo haijaisha. Kuanzia leo mashine izimike kwanza, taa ya kijani ife kabisa, ndipo tusali. Na nitasali kwa ukamilifu, hata kama kuna samaki."

"Hata kama ni kitoga, samaki mtamu kuliko kambale?" aliuliza Omega.

"Usinijaribu," alisema Katekista.

Jumapili, baada ya misa, watoto walijaa uwanjani, kila mmoja na kijitabu chake chenye vitendawili tisini na moja. Bibi Theodosia alisimama mbele yao katika kitenge kipya.

"Hivyo mtavisoma nyumbani," alisema. "Leo nina cha tisini na mbili, nimekitunga jana. Kabula na Omega, nyinyi fungeni midomo. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mgeni mwenye kumbukumbu kuliko wote. Nikimfukuza ghafla, kesho hanijui. Nikimuaga polepole, kesho ananieleza yote ya jana."

"Mjomba!" alipaza sauti mmoja.

"Mjomba ukimfukuza atakukumbuka milele. Mwingine!"

"Kasuku!" "Mwalimu wa hesabu!" "Mwezi!"

"Hapana, hapana, hapana. Nipeni mji."

"Tunakupa Mchombe!"

"Mchombe nimezaliwa, ni wangu tayari. Nipeni mwingine."

"Morogoro!"

"Huo naupokea. Nilikwenda Morogoro, nikakuta watu wanakula wali, wakanikaribisha, nikala nikashiba. Sasa nawaambia. Mgeni wangu ni kompyuta."

Watoto walishangilia. Bibi aliinua kidole chake, na kelele zikatulia.

"Wajukuu zangu, kifaa hiki kilinifundisha jambo uzeeni. Kazi ikifika mwisho ndipo watu huvurunda, kwa sababu miguu imekwisha kutangulia nyumbani. Imalizeni kazi mpaka mwisho wake. Na mkikosea, msiandike kwamba hamkukosea, kwa maana fundi hutibu ugonjwa aliotajiwa. Mtoto mmoja alitaja ugonjwa wa kweli wakati bisibisi iko kwenye skrubu ya pili, akilia, mbele ya watu. Ndiyo maana leo mna vijitabu mikononi. Haya, fungueni ukurasa wa kwanza. Kabula, njoo uwategee wewe."

Kabula alikwenda mbele, akafungua kijitabu, akavuta pumzi.

"Kitendawili!" alisema.

Na uwanja mzima ukamjibu.